Ukienda Hispania, Jifunze Kwanza Maneno ya Dirishani

Mwezi uliopita alinijia ofisini binti mmoja niliyemfundisha katika shahada ya kwanza, bahasha mkononi na furaha usoni. Amepata ufadhili wa kusoma shahada ya umahiri nchini Hispania. Baada ya shikamoo na pongezi alinieleza kwamba kwa miezi saba amekuwa akijifunza Kihispania kwa programu ya simu, na akaniamkia kwa lugha hiyo bila kujikwaa. Nikampima kidogo, kama ilivyo desturi ya walimu. ‘Empadronamiento’ ni nini? Hakulijua. ‘Estancia’ na ‘residencia’ zinatofautianaje? Alifikiri, akasema yote mawili ni kukaa. Na mtu akikwambia kwamba anajiandaa kwa ‘oposiciones’, anakusudia kufanya nini? Hapo alitabasamu kwa kujiamini: “Huyo atakuwa mpinzani, Dokta.”

Nilicheka, lakini sikumcheka yeye. Jibu hilo ndilo nililokuwa nalo mimi mwenyewe, mtu mwenye shahada ya uzamivu katika mambo ya siasa, nilipokwenda kukaa miezi kumi na minane katika mji mmoja wa Andalusia, kusini mwa nchi hiyo, nikiwa mtafiti mgeni. Jirani yangu, mwanamke wa miaka thelathini hivi, aliniambia ngazini kwamba mwaka wa tatu sasa anashinda ndani akisoma kwa ajili ya ‘oposiciones’. Nikafurahi kupata mwanaharakati mlango wa pili. Nikamwuliza yuko chama gani, na kama wana matumaini katika uchaguzi ujao. Alinitazama kwa huruma. ‘Oposiciones’ ni mitihani ya ushindani ya kuingilia utumishi wa umma. Wanaopingana ni watahiniwa wao kwa wao, wengi wakigombea nafasi chache, na anayefaulu huwa ‘funcionario’, mtumishi wa kudumu ambaye si rahisi kumwondoa kazini. Mpinzani wangu alikuwa akitafuta kazi serikalini.

Kamusi haikunidanganya, neno hilo kweli lina maana ya upinzani. Lakini kamusi hutoa maana, haitoi ofisi. Nyuma ya neno la kiserikali pana sheria, dirisha la kuhudumia watu, karatasi inayodaiwa na tarehe ya mwisho ya kuiwasilisha, na hayo hayamo katika tafsiri. Nimeshuhudia watu wanaozungumza Kihispania cha kupendeza sokoni wakipoteza haki zao ofisini, na wengine wanaokivunjavunja wakizipata zote. Ufasaha haukuwasaidia wale wa kwanza. Hawa wa pili waliyajua maneno kama kumi hivi, na waliyajua pamoja na ofisi zake.

Kwa sisi Waswahili kuna mtego wa ziada, nao ni mtamu. Kihispania kiliishi jirani na Kiarabu kwa karne nyingi, kama Kiswahili, kwa hiyo unapofika unaanza kukutana na ndugu. ‘Fulano’ ni fulani. ‘Hasta’ ni hata, kwa ile maana yake ya zamani ya mpaka. ‘Azúcar’ ni sukari. Unajiona uko nyumbani. Kisha unatazama mambo ya utawala na kukuta ndugu wamehamishwa vyeo. ‘Alcalde’ asili yake ni kadhi, lakini kadhi wa Hispania amekuwa meya wa mji. ‘Aduana’ ni neno moja na diwani. Kule si mtu wala kitabu cha mashairi, ni forodha. Na ‘alguacil’, aliyetokana na waziri, ameshushwa hadi kuwa mtumishi mdogo wa mahakama au wa ofisi ya mji, mtu wa kutumwatumwa na hati. (Wapo wasomaji wangu watakaoona kwamba hilo si wazo baya.) ‘Tarifa’ nayo ni ndugu wa taarifa, ila ukiiomba utapewa orodha ya bei.

Katika ofisi ya huyo kadhi aliyegeuka meya, iitwayo ‘ayuntamiento’, ndimo linamotunzwa neno ambalo ningemfundisha kila anayekwenda huko kabla hajafundishwa kusema asante: ‘padrón’. Hili ni daftari la wakazi wa mji, na kujiandikisha humo ndiko ‘empadronamiento’. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1985 inamtaka kila aishiye Hispania ajiandikishe katika mji anakokaa, awe raia au mgeni, mwenye kibali au asiye nacho. Linganisha na barua yetu ya serikali ya mtaa, au ya sheha kwa walioko Zanzibar: karatasi ndogo, inadharauliwa, lakini siku ukiikosa mambo yako yanasimama. Tofauti ni kwamba barua yetu huandikwa siku inapohitajika na kusahaulika jioni yake. Daftari la kule linakumbuka. Linajua uliingia tarehe gani, na kila siku inayopita baada ya hapo inahesabika kwa faida yako, uwe unamtafutia mtoto shule au unaomba kadi ya afya. Kwa asiye na kibali, ni ushahidi kwamba amekuwapo.

Jambo hili la mwisho linawashangaza hata maofisa wetu. Dola moja, kwa mkono wa polisi, inamwambia mtu kwamba hana ruhusa ya kuwamo nchini. Dola hiyohiyo, kwa mkono wa ofisi ya mji, inamwandika kuwa mkazi. Baada ya miaka kadhaa mkono wa tatu unamwambia: thibitisha kwamba ulikuwamo, tukupe kibali. Njia hiyo inaitwa ‘arraigo’, neno lililozaliwa na ‘raíz’, yaani mzizi. Ni kutia mizizi. Kwa muda mrefu njia yake iliyozoeleka zaidi ilidai miaka mitatu ya kukaa mfululizo, pamoja na hati safi ya polisi na mkataba wa kazi. Kanuni mpya zilizoanza kutumika Mei 2025 zimepunguza miaka hiyo kuwa miwili. Mizizi hupimwa kwa karatasi, na karatasi iliyo rahisi kuipata kuliko zote ni cheti cha ‘padrón’.

Nilimfahamu huko mtu mmoja wa Bukavu, fundi wa kupaka rangi, Mswahili mwenzetu kwa lugha. Alikuwa na miaka mitatu na nusu mjini. Kihispania chake kilikuwa bora kuliko changu mara kumi; alijua kutania, kulaani na kubembeleza bei. Siku tuliyoketi kuhesabu muda wake kwa ajili ya ‘arraigo’, hakuwa na karatasi hata moja yenye jina lake. Alilipwa mkononi, alipanga chumba kwa mdomo, na laini ya simu ilikuwa ya rafiki. Nilimwuliza kwa nini hakujiandikisha. “Mukubwa, niliwaza ile ni kitu ya polisi.” Alikuwa amelisikia neno hilo mara nyingi, akalitafsiri kwa uzoefu wa kwao, ambako anayekuja kuandika majina ya watu wa nyumba si mtu wa heri. Tusimcheke. Sheria ya mwaka 2003 iliwapa polisi wa Hispania njia ya kupata taarifa za daftari hilo, kwa hiyo hofu yake haikuwa ndoto tupu. Ila aliipima hatari bila kujua kulikuwa na nini upande wa pili wa mizani, na hakuna aliyemweleza. Miaka mitatu na nusu ya jasho ikasomeka sifuri. Wiki iliyofuata alijiandikisha, akaanza moja.

Mwanafunzi wangu naye ana neno lake la hatari. Visa ya masomo humpa mtu ‘estancia’, haimpi ‘residencia’. Kwa Kiswahili tungesema yote ni ukaazi, tukaendelea na safari. Kisheria ‘estancia’ ni kuwapo kwa muda kwa shughuli maalumu, na miaka yake haimo katika ile inayodaiwa kwa anayeomba uraia kwa njia ya ukaazi: kumi kwa Mtanzania, Mkenya au Mkongo, miwili tu kwa mtu aliyezaliwa raia wa nchi za Amerika zinazosema Kihispania, Ufilipino au Guinea ya Ikweta. Ukoloni una kumbukumbu ndefu. Msomi anayekaa miaka mitano maktabani akidhani anajenga ukaazi atagundua siku ya mwisho kwamba hajaweka hata tofali moja. Tena, masomo yakizidi miezi sita, ana mwezi mmoja tangu kuingia wa kuomba kadi yake, ‘TIE’. Mitaani watu huiita ‘NIE’, ambayo kwa hakika ni namba tu, herufi moja na tarakimu saba na herufi nyingine, iliyochapwa juu ya kadi hiyo. Ukichukua miadi ya moja ukiwa unataka nyingine, utarudishwa.

Miadi yenyewe, ‘cita previa’, ni somo la peke yake. Karibu kila dirisha la wageni linadai miadi ya mtandaoni, na miadi hazipatikani. Ukosefu umezaa biashara: wajanja huzizoa kwa kompyuta na kuziuza, jambo ambalo polisi wa huko wamewahi kukamatia watu. Msemo wetu unataka mgeni akae siku mbili, ya tatu apewe jembe. Hispania siku ya tatu wanakupa ukurasa wa mtandao unaosema rudi baadaye.

Majina nayo yanataka tahadhari. Mhispania ana jina lake na majina mawili ya ukoo, kwa kawaida la kwanza la baba na la pili la mama, na mwanamke akiolewa habadili kitu. Mimi nina jina langu, la baba na la babu. Fomu ikayapanga kwa mantiki yake: babu yangu mzaa baba akageuzwa kuwa ukoo wa mama yangu, na mimi nikawa natambulika kwa jina la baba. Siku moja kwenye zahanati nilikaa saa nzima nikisikia nesi akiita jina la marehemu mzee wangu, nami nimetulia, nikidhani moyoni kwamba ni la mtu mwingine anayefanana naye jina. Zamu ikapita. Niliporudi nyumbani nilimweleza mke wangu kwa mzaha, lakini usiku sikupata usingizi mapema.

Neno nililolipenda kuliko yote, kwa kuwa ninafundisha utawala, ni ‘silencio administrativo’: kimya cha serikali. Sheria namba 39 ya mwaka 2015 inaiwekea ofisi ya umma muda wa kumjibu mwananchi, na pasipotajwa muda mwingine ni miezi mitatu. Muda ukipita bila jibu, kimya chenyewe kinakuwa jibu. Kanuni ya jumla ni kwamba kimya ni kukubali, isipokuwa pale sheria inaposema vinginevyo, na kwa wageni husema vinginevyo mara nyingi. Aliyeomba kibali cha ukaazi kwa mara ya kwanza akinyamaziwa, amekataliwa. Aliyeomba kuhuisha kibali alichonacho akinyamaziwa, amekubaliwa. Hata huko kukataliwa kuna faida yake, maana mtu anapata kitu cha kupeleka mahakamani. Ninao wanafunzi watu wazima, maofisa wa halmashauri na wizara, na ninapowafundisha kifungu hiki darasa zima hunyamaza. Sijui kama kimya chao ni cha kukubali au cha kukataa. Huku kwetu kimya cha ofisi hakina jina wala tarehe. Faili “linashughulikiwa”. Linaweza kushughulikiwa mpaka mwombaji anastaafu, na siku ya kusema kwamba amekataliwa haifiki.

Sidai kwamba Hispania ni pepo ya watumishi wa umma. Mwaka 1833 mwandishi wao Mariano José de Larra aliandika makala ya dhihaka juu ya mgeni aliyekuja Madrid kwa mpango wa siku kumi na tano, akaishia kukaa zaidi ya miezi sita kwa sababu kila alikogonga aliambiwa arudi kesho. Kichwa chake ni maneno hayohayo, ‘Vuelva usted mañana’, na Wahispania bado huyataja wakitoka ofisini wamenuna. Kitabu cha sheria na dirisha la huduma ni vitu viwili, kule kama huku. Lakini pale ambapo neno limewekewa muda na matokeo, mnyonge ana pa kushika.

Kwa ajili ya milima hiyo ya karatasi, Wahispania wamejiundia taaluma: ‘gestor’. Huyu hujaza fomu zako, hulipa ada zako, huwasilisha maombi kwa niaba yako, nawe unamlipa. Mtanzania mmoja niliyeishi naye jengo moja alimtafsiri papo hapo: “Kishoka.” Tafsiri hiyo ingemfanya ‘gestor’ wa haki alie, kwa kuwa yeye ana elimu inayotambuliwa, amesajiliwa katika chama cha taaluma yake, na anatoa risiti. Nimeliwaza sana neno hilo la mwenzangu. Mahitaji ni yaleyale Dar es Salaam na Sevilla, mwananchi asiyeelewa fomu. Wao wakaamua kumpa msaidizi cheti na masharti, sisi tukamwacha asimame nje ya geti na bahasha ya kaki, tukabandika ukutani tangazo la kuwakataza watu wasimwone.

Kuhusu maneno ya kila siku nisiseme mengi, kwa kuwa mtaa hufundisha haraka kuliko ofisi na makosa yake hayana faini. Lakini mawili nimwachie anayekwenda. Kwenye duka la nyama au chumba cha kusubiri daktari usitafute mstari, mara nyingi haupo. Ingia, uliza kwa sauti “¿El último?”, yaani wa mwisho ni nani, mtu atainua mkono, nawe utakuwa baada yake hata ukikaa kona nyingine. Nilisimama wima mara mbili kama mlingoti, nikisubiri mstari ujipange nyuma yangu, kabla bibi mmoja hajanihurumia. La pili ni ‘mediodía’. Kamusi inasema adhuhuri, saa sita. Mhispania akikwambia mtaonana ‘mediodía’ anafikiria chakula, na chakula chake kiko saa nane. Nasi tunaohesabu saa tangu macheo tusijione wa ajabu. Kila taifa lina mahali linapoanzia kuhesabu siku.

Sasa nije kwetu. Wanafunzi wetu wanaokwenda nje hufanyiwa semina ya maandalizi. Nimealikwa katika mbili tatu. Saa nzima hutumika kuwaeleza baridi na makoti, nyingine kuwausia wasiaibishe taifa, na dakika za mwisho mtu huwaambia wajifunze lugha. Hakuna anayewaambia kwamba hati zao zitahitaji kuthibitishwa na wizara yetu ya mambo ya nje na kisha ubalozi, na kufasiriwa na mfasiri aliyeapishwa na Hispania yenyewe, kwa kuwa tafsiri ya rafiki, hata iwe nzuri vipi, haina nguvu. Hakuna anayewatajia ‘padrón’. Wahusika wakisoma hapa wataniambia kwamba hiyo si kazi yao. Basi ni ya nani? Kurasa mbili za maneno, kila neno na ofisi yake, karatasi yake na muda wake, zingetosha, na balozi zetu zinaweza kuziandika kwa kila nchi kwa kuwauliza tu Watanzania walioko huko walikwama wapi.

Na tukishazoea kuandika kurasa hizo kwa ajili ya nchi za watu, tuziandike za kwetu. Tangu mwaka 2021 sheria inatamka kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama. Niliishangilia hatua hiyo na ninaishangilia bado. Ila kazi kubwa iliyofuata imekuwa ya kufasiri, na nimekwisha kusema kamusi inaishia wapi. Mama wa Kilwa anayeambiwa kwa Kiswahili safi kwamba hati yake “iko katika hatua za uidhinishaji” anaelewa kila neno na hajui lolote. Hajui nani anaidhinisha, kwa siku ngapi, na zikipita afanye nini. Yeye na yule fundi wa Bukavu wamekaa benchi moja, isipokuwa mama huyu yuko nchini kwake.

Nilimpa binti yule orodha yangu, akaiandika nyuma ya bahasha ya ufadhili kwa mwandiko mdogo ili yote yaenee. Ataondoka Septemba. Fundi wa Bukavu naye tunaandikiana bado. Kanuni mpya zilipoanza alikuwa amekwisha kutimiza miaka miwili daftarini, akapata na mkataba, akawasilisha maombi ya ‘arraigo’. Majuzi aliniuliza kwa ujumbe wa sauti: mwezi wa tatu unakwisha, hajajibiwa, je, angoje? Nilimjibu kwamba hilo ni ombi lake la kwanza, kwa hiyo kimya hicho ni kukataliwa, na kwamba kuanzia siku hiyo ana haki ya kwenda mahakamani. Atafute wakili wiki hiihii, aende na cheti cha ‘padrón’ mkononi.